Kardinali Malula: askofu aliyetetea somo la dini wakati korti zilikuwa mikononi mwa chama

OMATE, Walikale – Mzazi wa Omate anapotafuta shule ya kumwandikisha mtoto wake, kuna swali moja ambalo ni vigumu kulikwepa: shule hii ni ya nani? Katika maeneo ya Walikale na Masisi, jibu mara nyingi linakuja na jina la kanisa. Hii ni ya Wakatoliki. Ile ni ya 8e CEPAC. Ile ingine ni ya 3e CBCA. Lakini mwalimu wa shule hizo zote anahesabiwa kuwa mwalimu wa serikali, mtihani wa mwisho ni wa serikali, na programu ya masomo inatoka Kinshasa. Shule ni ya serikali, na papo hapo ni ya kanisa.

Wazazi wengi wamezoea hali hiyo tangu walipokuwa watoto, na hawaulizi tena ilitoka wapi. Ilitoka katika ugomvi mkubwa uliotikisa inchi yetu kati ya mwaka 1972 na 1977, wakati Rais Mobutu Sese Seko alipochukua shule zote za makanisa na kuondoa somo la dini darasani. Mtu aliyesimama upande wa pili wa ugomvi huo alikuwa Joseph-Albert Malula, askofu mkuu wa Kinshasa na kardinali wa kwanza wa Kongo. Amekwisha kufa tangu mwaka 1989. Vijana wengi wa Kivu wanajua jina lake tu, bila kujua kwamba ratiba ya masomo ya watoto wao ina alama ya maisha yake.

Katika inchi zingine, ugomvi wa namna hii unafika kortini. Waandishi wa habari wanajaza chumba, majaji wanasikiliza pande zote mbili, na raia wanasoma hukumu kesho yake asubuhi. Kwetu haikuwa hivyo. Hakuna korti iliyoamua, na magazeti ambayo yangeweza kueleza upande wa pili yalikuwa yamefungwa. Ndiyo maana maisha ya Malula yanastahili kusimuliwa polepole.

Mtoto wa Léopoldville

Malula alizaliwa Disemba 1917 katika mji wa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Wakati huo Kongo ilikuwa koloni la Ubelgiji, na mtoto mweusi aliyetaka kujua kusoma na kuandika alipaswa kupitia kwa wamisionari. Hali hiyo ilikuwa na mizizi katika mkataba wa tarehe 26 Mei 1906, kati ya serikali ya Mfalme Léopold wa Pili na Vatikani. Misioni za kikatoliki zilipewa mashamba makubwa, na kwa upande wao zilikubali kufungua shule. Kuanzia miaka ya 1920, serikali ya koloni ilianza kuzisaidia kwa franka shule hizo. Waprotestanti walingoja mpaka baada ya vita kuu ya pili ndipo wapate msaada kama huo.

Kijana Malula alisoma kwa mapadri wa Scheut, akaendelea na seminari ndogo, kisha akapelekwa seminari kubwa ya Kabwe, katika Kasai. Alipata upadri tarehe 9 Juni 1946, mbele ya umati wa watu katika mji wake mwenyewe. Wakati huo mapadri weusi walikuwa wachache sana, na mamlaka ya kanisa ilikuwa mikononi mwa Wazungu. Padri mweusi alikaa katikati ya dunia mbili: Wazungu walimtazama kama msaidizi, na watu wake walimtazama kama mtu aliyesoma, anayeweza kuwasemea.

Malula alichagua kuwasemea. Katika miaka ya 1950 alikuwa karibu na kundi la vijana wasomi wakatoliki waliotoa gazeti lililoitwa Conscience Africaine. Kati yao walikuwemo Joseph Ileo na Joseph Ngalula, ambao baadaye walikuwa wanasiasa wakubwa. Katikati ya mwaka 1956 gazeti hilo lilitoa manifesto iliyoshangaza Léopoldville yote. Kwa mara ya kwanza Wakongomani walidai kwa maandishi, mbele ya watu wote, kwamba inchi yao itembee kuelekea uhuru wa kujitawala.

Ndani ya manifesto hiyo kulikuwa pia jambo lililohusu shule. Mwaka 1954, waziri wa makoloni wa Ubelgiji, Auguste Buisseret, mtu wa chama cha Waliberali, alianza kufungulia watoto weusi shule za serikali zisizokuwa za dini. Mbele ya hapo, shule za namna hiyo zilikuwa za watoto wa Wazungu. Wamisionari walikasirika, na ugomvi wa shule uliokuwa Ubelgiji ukavuka bahari mpaka Kongo. Wale vijana wa Conscience Africaine waliwaomba Wabelgiji wasilete kwa Wakongomani mafarakano yao ya kwao. Malula alikuwa na miaka 38. Tayari alikuwa ameona kwamba shule inaweza kugeuka uwanja wa vita vya watu wakubwa, na mtoto akabaki amesimama katikati.

Kutoka padri mpaka kardinali

Mwaka 1959 Roma ilimteua kuwa askofu msaidizi wa Léopoldville. Siku alipowekewa mikono, tarehe 20 Septemba 1959, miezi tisa kabla ya uhuru, alieleza matumaini yake ya kuona kanisa la Kongo ndani ya serikali ya Kongo. Maneno hayo yalizunguka mji. Wengine waliyafurahia, na wamisionari wengine waliyasikia kama kitisho.

Tarehe 7 Julai 1964 alichukua nafasi ya Askofu Mkuu Félix Scalais, Mbelgiji. Alikuwa amekwisha kushiriki katika kazi za Mtaguso wa Vatikano wa Pili, hasa katika mambo ya liturujia, yaani namna ya kusali misa. Ngoma, wimbo wa Lingala na kitenge mbele ya altare ni mambo ambayo Mkristo wa leo anayaona kuwa ya kawaida, lakini wakati ule yalihitaji mtu wa kuyatetea. Mwaka 1966 alianzisha shirika la watawa weusi, Masista wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu wa Kinshasa. Tarehe 28 Aprili 1969, Papa Paulo wa Sita alimfanya kardinali. Afrika nyeusi ilikuwa imepata kardinali wake wa kwanza mwaka 1960, Laurean Rugambwa wa Tanganyika. Sasa Kongo nayo ilikuwa na wake.

Wakati huo Mobutu alikuwa amekwisha kutawala zaidi ya miaka mitatu. Mobutu na Malula walikuwa na jambo la pamoja ambalo watu wanalisahau: wote wawili walipitia katika ulimwengu wa magazeti ya Léopoldville ya miaka ya 1950. Mobutu mwenyewe alikuwa muandishi wa habari kabla ya kuwa mwanasiasa, na alikuwa amesoma kwa wamisionari wakatoliki. Alijua nguvu ya gazeti, na alijua nguvu ya shule ya misioni. Alipotaka kushika inchi yote mkononi, vitu hivyo viwili alivifuata.

Kwanza uhusiano ulikuwa mzuri. Maaskofu wengi walifurahi kuona vita vya baada ya uhuru vimetulia. Lakini Juni 1970, wakati wa sherehe za miaka kumi ya uhuru, mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji na mbele ya Rais mwenyewe, Malula alitoa mahubiri yaliyoonya juu ya viongozi wanaopenda fahari wakati raia wana njaa. Mobutu hakusahau.

Mwaka uliofuata, mgogoro na wanafunzi ulimpa Rais nafasi. Agosti 1971, serikali ilichukua chuo kikuu cha Lovanium, kilichokuwa cha Wakatoliki, ikakiunganisha na chuo cha Waprotestanti cha Kisangani na kile cha serikali cha Lubumbashi. Vyote vitatu vikawa chuo kimoja cha taifa, UNAZA. Mwisho wa Disemba 1971, sheria mpya ilitambua makanisa matatu tu: Katoliki, Kimbangu, na Kanisa la Kristo, ambalo Waprotestanti wote walilazimishwa kuingia ndani yake. Ndani ya kanisa hilo kila jumuiya ilipewa nambari yake. Hapo ndipo zinapotoka zile nambari tunazoziona mpaka leo kwenye vibao vya shule na makanisa ya Walikale na Masisi, 3e, 5e, 8e na zinginezo. Mtoto anayesoma katika shule ya 8e CEPAC anabeba kwenye kitabu chake nambari iliyozaliwa wakati wa Mobutu.

Jina la ubatizo

Kongo ilikuwa imekuwa Zaire tangu Oktoba 1971. Januari 1972, Rais aliacha jina la Joseph-Désiré na kujiita Mobutu Sese Seko. Kila raia aliombwa kuacha jina la kikristo na kuchukua la mababu. Padri ambaye angembatiza mtoto kwa jina la Kizungu alitishiwa kifungo cha miaka mitano.

Watu wengine walishangaa kuona Malula anapinga. Je, si yeye aliyetaka kanisa lenye sura ya Kiafrika? Lakini kwake tofauti ilikuwa wazi. Mkristo anaweza kuchagua jina la Kiafrika kwa mapenzi yake, na kanisa linaweza kulipokea. Jambo alilokataa ni serikali kuingia mpaka kwenye maji ya ubatizo na kuamua mtoto aitwe nani. Aliona kwamba chama kinachoamua jina leo, kesho kitaamua sala.

Tarehe 12 Januari 1972, gazeti la kikatoliki Afrique Chrétienne lilitoa makala iliyouliza maswali juu ya siasa hiyo mpya ya kurudi kwenye asili. Serikali ililisimamisha gazeti kwa miezi sita. Rais aliona mkono wa kardinali nyuma ya makala hiyo. Malula aliondolewa katika nyumba yake ya Limete, na nyumba hiyo ikapewa vijana wa chama, JMPR. Mwezi wa pili mwaka 1972 kardinali alichukua ndege kwenda Roma, akawa mkimbizi.

Alipokuwa huko, serikali iliagiza matawi ya JMPR yawekwe ndani ya seminari zote, mahali ambapo vijana wanatayarishwa kuwa mapadri. Maaskofu walisita, kisha wakatafuta mapatano. Kardinali alirudi Kinshasa mwezi wa sita mwaka huohuo. Majina ya Joseph-Albert hayakusikika tena katika habari za serikali: alikuwa Kardinali Malula tu.

Mwaka 1973 kukawa giza upande wa habari. Magazeti yote ya makanisa yalipigwa marufuku, yapata thelathini hivi, na vipindi vya dini redioni vilikuwa vimeondolewa. Kilichobaki ni shirika la habari la serikali, AZAP, redio ya taifa, na magazeti ya kila siku kama Elima na Salongo yaliyofuata mstari wa chama. Mkristo wa Masisi aliyetaka kujua maaskofu wanasema nini alisikia tu kile ambacho serikali ilitaka asikie, au alingoja padri arudi kutoka Goma na habari ya mdomo.

Mwisho wa mwaka 1974

Mwaka 1974, tarehe 25 Disemba iliacha kuwa sikukuu ya serikali. Siku ile ya Noeli watu walienda kazini. Kisha, mwaka ulipokuwa unaisha, likaja tangazo lililogusa kila kijiji: shule zote za msingi na sekondari zilizokuwa za makanisa zinakuwa za serikali. Vitivo vya teolojia vikatolewa katika chuo kikuu cha taifa. Misalaba na picha za watakatifu ziliondolewa ukutani katika majengo ya watu wote, na picha ya Rais ikabaki peke yake. Somo la dini likafutwa. Mahali pake pakawekwa somo la uraia na siasa, yaani mafundisho ya chama cha MPR.

Siku zile Kivu ilikuwa jimbo moja, na Masisi na Walikale zilikuwa zone mbili ndani yake. Katika inchi yote, asubuhi ya shule ilianza mbele ya bendera, kwa nyimbo na dansi za kumsifu Rais, zile zilizoitwa animasio. Saa ambayo katekista alikuwa akifundisha Injili, mwalimu alifundisha sasa maisha ya Mobutu. Kiongozi mmoja mkubwa wa serikali alifika mpaka kumlinganisha Rais na nabii, na kutaka MPR itazamwe kama kanisa.

Lazima tuwe wakweli: si wote waliohuzunika. Wako wazazi waliokuwa wamechoka na mamlaka ya misioni. Mtoto wa Mprotestanti aliyesoma kwa Wakatoliki alijua uzito wa kulazimishwa kwenda misa. Muislamu alijua zaidi, kwa sababu mara nyingi hakuwa na shule yake kabisa. Swali la haki lilikuwepo tangu siku za wakoloni: je, shule inayolipwa kwa franka za raia wote inaweza kufundisha dini moja? Mobutu alilikuta swali hilo. Lakini hakulijibu. Aliondoa dini moja darasani, akaweka ingine, na huyo mungu mpya alivaa kofia ya chui.

Kwa nini hakukuwa na kesi

Msomaji wa leo anaweza kuuliza: kwa nini maaskofu hawakupeleka serikali kortini?

Katika inchi zingine ndivyo inavyofanyika. Mwaka 1925, katika mji mdogo wa Dayton, jimbo la Tennessee, Marekani, mwalimu John Scopes alishitakiwa kwa kufundisha kwamba binadamu ametokana na wanyama, kinyume cha sheria ya jimbo iliyolinda maneno ya Biblia. Waandishi wa habari zaidi ya mia moja walifika, na redio moja ya Chicago ilitangaza kesi moja kwa moja. Scopes alipigwa faini ya dola 100, na mwaka 1927 korti ya juu ya jimbo ilifuta hukumu hiyo kwa sababu ya kosa katika utaratibu wa faini. Karibu na sisi, Kenya, ugomvi juu ya wasichana Waislamu waliotaka kuvaa hijabu katika shule ya St Paul Kiwanjani, Isiolo, shule iliyodhaminiwa na Kanisa la Methodisti, ulipita korti tatu. Korti Kuu ilisimama na kanisa mwaka 2015, Korti ya Rufaa ikawapa haki wasichana mwaka 2016, na tarehe 24 Januari 2019 Korti ya Juu kabisa ikafuta hukumu hiyo ya rufaa kwa sababu za utaratibu. Kila hatua iliandikwa magazetini, na kila raia aliweza kubishana juu yake.

Zaire hakukuwa na njia hiyo. Katiba ilibadilishwa tarehe 15 Agosti 1974, miezi michache tu kabla ya shule kuchukuliwa. Kufatana na mabadiliko hayo, MPR ikawa taasisi moja tu ya inchi. Serikali ilikuwa kiungo cha chama, bunge kiungo cha chama, na korti nazo kiungo cha chama. Jaji alikuwa mwanachama kama wengine wote, kwa sababu kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Kumshitaki Mobutu kwa kuchukua shule kungekuwa sawa na kumpelekea Mobutu malalamiko juu ya Mobutu.

Ndiyo sababu ugomvi wetu juu ya dini shuleni hauna jalada la kesi, hauna hukumu, hauna mashahidi walioapa. Una matangazo ya redio, barua za maaskofu, na kumbukumbu za wazee.

Kazi ya kimya

Malula na maaskofu wenzake walichagua njia ingine. Mwezi wa kwanza mwaka 1975 walitoa tamko lao juu ya hali ya inchi. Kisha wakageuza nguvu zao. Ikiwa mlango wa shule umefungwa, dini itafundishwa parokiani na nyumbani. Katekesi ilihamia kwenye jumuiya ndogo za jirani, zile ambazo sisi wa Kivu tunaziita shirika. Kinshasa, kardinali aliendelea kuwapa walei, watu wenye ndoa na kazi zao, madaraka ya kuongoza parokia. Kwa Lingala waliitwa bakambi. Jambo hilo lilikuwa jipya kwa Kanisa Katoliki la dunia nzima. Kitivo cha teolojia kilichofukuzwa UNAZA kiliendelea kufanya kazi chini ya maaskofu.

Wakati huohuo, shule za serikali zilianza kuyumba. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka tangu 1974, na serikali iliishi kwa shaba. Vitu vilivyochukuliwa kwa Wageni katika ile siasa ya zaireanisasio vilikuwa vimeharibika mikononi mwa wakubwa. Sasa serikali ilipaswa kusimamia peke yake maelfu ya shule mpaka ndani ya pori, bila barabara na bila watu wa kutosha. Mishahara ilichelewa au ilipotea njiani. Majengo hayakutengenezwa. Nidhamu ilianguka. Wazazi walilalamika, hata wale wasiokuwa waumini.

Haikuchukua hata miaka mitatu. Tarehe 26 Februari 1977, serikali ilitia sahihi mkataba na makanisa juu ya uongozi wa shule za taifa. Kanisa Katoliki, Kanisa la Kristo na Wakimbangu walirudishiwa shule zao waziongoze. Waislamu nao walipata nafasi yao katika mpango huo. Shule zilibaki za serikali: ndiyo inayotunga programu, kulipa walimu na kutuma wakaguzi. Lakini kanisa linapendekeza na kusimamia prefe, direkta na walimu, na somo la dini likarudi katika ratiba. Hizo ndizo shule tunazoziita mpaka leo konvensione.

Malula hakushinda kesi, kwa maana kesi haikuwepo. Umaskini wa serikali ulisaidia pengine kuliko mahubiri. Lakini kama yeye na wenzake wangekubali mwaka 1975 kwamba dini ni mali ya chama, mwaka 1977 hakungekuwa na mtu wa kutia sahihi upande wa pili wa meza.

Deni la mkataba

Si vizuri kumfanya marehemu kuwa malaika. Wako waliomlaumu Malula na maaskofu kwa kukubali mapatano juu ya JMPR katika seminari. Wako waliosema kanisa lilipigania shule zake kwa sauti kubwa kuliko lilivyowapigania wanafunzi waliouawa au wafungwa wa siasa. Na mkataba wa 1977 wenyewe ulifunga kanisa na serikali kwa kamba moja. Mwalimu asipolipwa, kanisa haliwezi kusema halihusiki. Mzazi akilipishwa pesa zisizoeleweka, kila upande unaonyesha mwingine kidole.

Malula aliishi miaka kumi na miwili baada ya mkataba huo. Alimpokea Papa Yohane Paulo wa Pili mara mbili, mwaka 1980 na 1985. Katika safari ya pili, tarehe 15 Agosti 1985, Papa alimtangaza mwenyeheri, palepale Kinshasa, Sista Anuarite, binti wa upande wetu wa mashariki aliyeuawa Isiro mwaka 1964. Mwaka 1988 Roma ilikubali rasmi namna ya kusali misa ambayo kardinali alikuwa ameitafuta tangu ujana wake, ile inayojulikana kama misa ya riti ya Zaire. Alikuwa ameingoja kwa miaka karibu ishirini.

Tarehe 14 Juni 1989, Kardinali Malula alifariki Leuven, Ubelgiji, akiwa na miaka 71. Alizikwa Kinshasa, katika kanisa kuu la Notre-Dame du Congo. Hakuona tarehe 24 Aprili 1990, siku ambayo Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Alikosa siku hiyo kwa miezi kumi tu.

Kilichobaki kwa mzazi wa leo

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwamba Kongo ni inchi isiyokuwa na dini ya serikali. Papo hapo, kipengele chake cha 45 kinaruhusu shule za taifa, kwa kushirikiana na viongozi wa dini, kuwapa watoto wadogo mafundisho yanayolingana na imani yao, wazazi wao wakiomba. Mwanafunzi mwenye umri wa mtu mzima anaweza kuomba mwenyewe. Kipengele hichohicho kinasema kila mtu ana haki ya kuingia katika shule ya taifa bila kubaguliwa, kwa dini pia.

Maneno hayo yana uzito katika mahali kama Omate, kijiji cha machimbo ya dhahabu, ambako watu wametoka pande nyingi, wenye imani mbalimbali, na mzazi hawezi kila mara kuchagua shule. Wakati mwingine shule iliyo karibu ndiyo moja tu, na vita vinapohamisha watu kutoka Masisi, mtoto anaingia katika ile itakayompokea. Kama shule hiyo ni ya kanisa lisilo lake, sheria inamlinda. Haipaswi kumfukuza kwa ajili ya dini yake, na mafundisho ya dini yanategemea ombi la mzazi.

Tofauti na mwaka 1974 ni kwamba leo mzazi anayeona haki hiyo imevunjwa anaweza kuandika kwa prefe, kwa ofisi ya koordinasio ya kanisa linaloongoza shule, kwa mkaguzi wa serikali, na mwishoni kwa korti. Na muandishi wa habari anaweza kufuata jambo hilo na kulieleza, bila kungoja ruhusa ya chama. Ni njia ambazo Kardinali Malula, pamoja na kofia yake nyekundu, hakuwa nazo siku picha ya Rais ilipobaki peke yake ukutani.